Kompyuta ya Kando ya Kitanda

Mwaka 1998 mtu akitaka kuchapisha kadi za harusi, kalenda au mitihani ya shule mjini Shinyanga, alielekezwa kwa Mzee Pranlal, mtaa wa pili kutoka stesheni ya reli. Jina la mzee ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha duka, lakini mikono iliyoifanya kazi ilikuwa ya mkewe, Savita, ambaye wateja wote walimwita Mama Urvi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mitano, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia shingoni kwa uzi, na sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee karibu ndipo umsikie.

Alizaliwa Nzega, binti wa mshonaji, akaolewa Shinyanga akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mumewe hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumwinulia mkono. Alikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Kila karatasi iliyopita mbele yake aliisahihisha, na mke naye alimhesabu katika karatasi hizo. Barua ambazo Savita alimwandikia mama yake kule Nzega zilipita kwanza kwa Pranlal, zikarudi na mistari myekundu, akaziandika upya ndipo zikatiwa stempu. Dukani, Savita akimjibu mteja kabla yake, Pranlal aliuliza taratibu, kwa Kiswahili ili wafanyakazi wasikie, "Nani amekuuliza?" Hakupaza sauti. Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kupaza sauti.

Kompyuta iliingia dukani mwaka 1993. Pranlal aliinunua Mwanza, kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, akaja nayo ndani ya lori imefunikwa mablanketi kama mgonjwa. Alikaa mbele yake wiki tatu. Kila alichokiandika kilipotea, au kilitoka kwenye printa kikiwa nusu. Wiki ya nne aliifunika kitambaa, akarudi kwenye herufi zake za risasi za kupanga kwa mkono, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Savita ndiye aliyeifunua. Kila mchana mzee alipokwenda nyumbani kula na kujinyoosha, yeye alibaki na kitabu cha maelekezo mapajani, akijifunza ukurasa mmoja kwa siku. Baada ya mwezi mmoja alitoa kadi ya harusi ya familia moja ya Mwadui, yenye maua pembeni na majina yaliyojipinda vizuri. Pranlal aliichukua, akaitazama mbele na nyuma, akatoa kalamu yake. Alitafuta pa kuiweka, hakupaona. Hatimaye alisema karatasi imekatwa upande, akaondoka. Tangu siku hiyo meza ile ikawa ya Savita. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee duniani ambapo mumewe hakuweza kumsahihisha, na alipapenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mwezi wa tano mwaka 1998, asubuhi, Pranlal alianguka uani pa duka akiwa anahesabu marobota ya karatasi. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani akiwa hai upande wa kushoto tu. Mkono wa kulia, mkono wa kalamu, ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Ulimi ulikuwa mzito. Daktari alimwambia Savita, "Mama, kaa naye. Ongea naye, hata kama hajibu. Sauti anayoijua inaweza kumrudisha."

Binti yao wa pekee, Urvi, alikuwa ameolewa Nairobi na alikuwa na mimba changa. Savita akamwajiri Swaumu, mwanamke wa makamo, mjane, mzaliwa wa Tabora, aliyewahi kumuuguza mumewe mwenyewe hadi mwisho. Swaumu alijua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, alijua kumlisha uji kwa kijiko bila kumpalia. Na ndiye aliyegundua kwamba yale makelele ya mgonjwa yalikuwa na maana.

"Mama Urvi, anakuita," alisema siku moja Savita aliporudi kutoka dukani. "Kutwa nzima. Anasema 'Sa'. Anatazama mlango, anasema 'Sa'."

Savita alikwenda kuketi kando ya kitanda. Pranlal alipomwona alinyoosha mkono wa kushoto, akashika upindo wa sari yake na kuukunja ndani ya kiganja. Machozi yalimtoka upande mmoja wa uso. Savita alimpangusa. Alijua kwamba alipaswa kuona huruma, akaitafuta, akapata kidogo, na chini ya ile huruma alikuta kitu kingine kilichomtisha. Alikaa dakika kumi. Kisha akaukunjua ule mkono kidole kimoja kimoja, akasema kuna kazi za watu zinamngoja.

Kazi zilikuwepo kweli, na duka ndilo lililolipa dawa. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya soko, mwendo wa robo saa. Hapo ndipo likamjia wazo la laptopu, na lilipomjia alilishika kwa mikono miwili. Ile kompyuta ya dukani ilikuwa imezeeka; ukifungua ukurasa wa kalenda wenye picha, chai ilichemka na kupoa kabla picha haijatokea yote. Angenunua kompyuta ya kubeba, yenye nguvu ya kushinda ile ya mezani, akaiondoa ya mezani kabisa. Angefanya kazi kando ya kitanda, akiongea na mumewe huku akipanga kurasa. Alimweleza Urvi kwenye simu, Urvi akafurahi. Alimweleza Swaumu, naye akasema, "Mungu akujalie uipate upesi."

Aliyekuwa akileta vitu vya namna hiyo alikuwa Abdulshakur, kijana wa Kigoma aliyehamia Geita baada ya kusikia habari za dhahabu. Hakuchimba. Alifungua duka mtaa wa Kalangalala, hapo hapo Geita, akawa anawauzia wenye kampuni za utafiti betri, redio za upepo za kuitana porini na kompyuta kutoka Dar es Salaam na Dubai. Mwezi wa nane alipita Shinyanga na laptopu ndani ya mkoba wa ngozi.

"Shikamoo, Mama Urvi."

"Marahaba. Ifungue tuione."

Savita aliijaribu kwa haki. Alitia flopi, diski ndogo yenye kalenda, akafungua ukurasa wenye picha, akatazama saa ya ukutani. Laptopu ilichukua muda uleule wa kompyuta ya mezani, na dakika mbili juu yake. Ukikitazama kioo kwa upande, rangi ziligeuka kijivu. Kumbukumbu ilikuwa megabaiti kumi na sita tu.

"Hii ni ya kuandikia barua," alisema.

"Kweli mama, sikatai. Nitakuletea nyingine."

Siku hiyo alikuwa na haki ya kuikataa, na yeyote mwenye ujuzi angeikataa. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani jioni alijikuta anatembea polepole, akisimama kutazama vitenge ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua, na moyoni alikuwa mwepesi. Alijiambia ni kwa sababu hakupunjwa.

Mwezi wa kumi Abdulshakur alipiga simu. Amepata mashine ya mjiolojia mmoja anayerudi kwao, nzuri sana, lakini mwenyewe hataki kuitoa mkononi mpaka alipwe. Aje Geita aione. Savita alipanda basi hadi Mwanza, akavuka kwa kivuko pale Kigongo, akafika Kalangalala saa kumi akiwa na vumbi jekundu kwenye nyusi. Ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake tangu aolewe.

Abdulshakur alimpangia chumba kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja Msumbwa, mtu safi. Asubuhi Savita alikunywa chai kibarazani akiwatazama wachimbaji wakipita na viatu vilivyoganda matope, wakicheka na kusukumana, na wanunuzi wakiwa na mizani zao ndogo ndani ya visanduku vya sigara. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemwita. Alikula wali na samaki wa sato mchana, kitu ambacho nyumbani kwa Pranlal, asiyekula nyama wala samaki, hakikuwahi kuingia hata jikoni, akakila chote. Alipaswa kurudi siku ya pili. Alikaa siku tatu.

Laptopu yenyewe ilikuwa nzuri. Alifungua ukurasa wa kalenda, na picha ilitokea kabla hajavaa miwani vizuri. Diski yake ilikuwa na nafasi mara nne ya ile ya dukani. Betri ilidumu saa mbili na nusu. Aliizima, akaiwasha, akaipindua, akachomeka printa ya Abdulshakur, ikachapa bila tatizo.

"Kioo ni kidogo," Savita alisema mwishowe.

"Inchi kumi na mbili, mama."

"Kalenda ni karatasi kubwa. Nitakuwa nasogeza ukurasa huku na huku siku nzima. Na kumbukumbu thelathini na mbili, baada ya mwaka itakuwa ndogo. Nataka sitini na nne. Na kioo cha kumi na nne."

Abdulshakur alimtazama. "Mama Urvi, kwenye mashine hii hii yule mzungu alikuwa akichora ramani za miamba ya Geita nzima. Wewe unachora maua ya harusi."

"Nimesema nataka sitini na nne."

"Hiyo ni ya kuagiza Dubai. Ni miezi. Na mzee je? Si ulisema ni kwa ajili ya kukaa na mzee?"

"Ndiyo maana sitaki kununua mara mbili," Savita alijibu, akachukua karatasi na kuandika kila anachokitaka, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake mzuri. Abdulshakur aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Jibu lile lilikuwa zuri, lisilo na mwanya, na Savita alilirudia moyoni njia nzima, tangu kivukoni Busisi hadi Shinyanga.

Alimkuta Swaumu kizingitini.

"Alikataa kula," Swaumu alisema. "Siku mbili za kwanza alilia 'Sa' mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia mama amekwenda kukuletea mashine, atakuja kukaa hapa hapa. Sijui kama alielewa. Leo amekula kidogo, amenyamaza."

"Vizuri," Savita alisema. Aliingia chumbani. Pranlal alikuwa ameelekeza uso ukutani. Alimsimulia habari za Geita, vumbi, kivuko, kioo cha inchi kumi na mbili. Mumewe hakugeuka, wala mkono wake haukuitafuta sari. Savita aliketi mpaka dakika kumi zake zikaisha.

Desemba ni mwezi wa kalenda. Kila mwenye duka kuanzia Kahama hadi Mwadui alitaka kalenda ya 1999 yenye jina lake, na Savita alishinda mezani tangu asubuhi hadi jioni. Tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, jirani yao alifika dukani akihema.

"Swaumu anasema uje."

"Amezidiwa?"

"Kasema uje tu, mama."

Savita alibonyeza kuhifadhi kazi yake. Kwenye kioo kikatokea kile kialama cha saa ya mchanga, kikakaa. Ukurasa ulikuwa na picha nne, na kompyuta ilikuwa nzito siku hiyo kuliko siku zote. Angeweza kuondoka na kuiacha imalize yenyewe. Alisimama, mkono mmoja juu ya kiti, akiitazama ile saa ya mchanga, jirani naye amesimama mlangoni akimtazama yeye, mpaka kazi ikahifadhiwa. Akaizima kwa utaratibu, akaifunika kitambaa, akachukua mkoba. Walipofika nyumbani Swaumu alikuwa ameshamfumba mzee macho.

Urvi alifika kutoka Nairobi siku ya pili, tumbo limeshakuwa kubwa. Mpwa wa Pranlal, Rushabh, alikuja kutoka Mwanza, na ndiye aliyewasha moto pale pa kuchomea maiti, kwa kuwa marehemu hakuwa na mtoto wa kiume. Watu walikuja wengi, Wahindi, Wasukuma na Waswahili wa mjini, wakamsifu marehemu kwamba hakuwahi kutoa kazi yenye kosa.

Siku ya nne, wageni walipopungua, mama na binti walikuwa chumbani kwa marehemu wakikunja nguo zake. Swaumu alikuwa akipanguza sakafu. Urvi aliketi kwenye kitanda kitupu, akatazama chumba: meza kubwa chini ya dirisha, yenye vichupa vya dawa; na ukutani, hatua moja kutoka kwenye mto wa kulalia, soketi iliyochomekwa feni.

"Mama, ile laptopu uliyokuwa ukinisimulia kila wiki," alisema, "ilikuwa ya nini hasa?"

"Ya kufanyia kazi hapa. Nikae naye."

"Na ile ya dukani haikuweza kukaa hapa?"

Savita alianza kueleza. Ni nzito. Barabara ina mashimo, ingetikisika.

"Mkokoteni," Urvi alisema. "Mtu mmoja na mkokoteni na mablanketi yale yale. Robo saa."

"Printa iko dukani. Wateja wanakuja dukani."

"Ungetuma flopi. Wafanyakazi wako wanajua kuchapa. Wateja wangekuja hapa, nani asiyeijua nyumba hii?"

Savita alikunja upya shati lililokuwa limeshakunjwa. Yeye aliyepima kumbukumbu kwa megabaiti na kioo kwa inchi, ambaye angeweza kukuambia betri ipi itadumu na ipi haitadumu, hakuwa mjinga hata kidogo. Wazo la kuileta ile ya zamani lilimjia mara moja, mwezi wa sita, akiwa anafunga duka. Alilitazama, akaona linawezekana kesho yake tu, akaligeuzia kisogo. Hakulikaribisha tena.

"Alikuwa mgumu kwako," Urvi alisema. Hakulia. "Najua, nimekulia humu ndani. Ungeniambia tu kwamba hutaki kukaa naye. Ningekuja mimi. Mimba ilikuwa changa, daktari asingenikataza. Nilibaki Nairobi kwa sababu kila wiki uliniambia mashine inakuja."

Swaumu alikamua tambara, akabeba ndoo akatoka.

Savita alitaka kumwambia mwanawe habari za barua za Nzega, habari za "Nani amekuuliza", na jinsi ule mkono ulivyoshika sari kana kwamba miaka ishirini na minne haikuwahi kuwepo. Alitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kudai deni lake hata kwa mgonjwa. Lakini maneno yale yote yalimhusu mtu aliyekuwa na kalamu mkononi, na aliyekufa hakuwa yule. Aliyekufa alikuwa mtu asiyeweza kushika kijiko, aliyeutazama mlango akitamka nusu ya jina lake. Akaendelea kukunja nguo. Urvi aliondoka baada ya siku kumi na tatu za matanga. Walikumbatiana stendi kama kawaida, na barua zake tangu hapo zikawa fupi, zenye adabu.

Laptopu ilifika mwishoni mwa Januari. Abdulshakur aliileta mwenyewe, akatoa pole, akaifungua mezani bila mbwembwe zake. Megabaiti sitini na nne. Kioo cha inchi kumi na nne. Kila mstari wa ile karatasi ulikuwa umetimia. Savita alifungua ukurasa wa picha nne, nao ukatokea papo hapo, wote, rangi zake zimekolea.

"Umeridhika, mama?"

"Ni nzuri," Savita alisema. Akamlipa.

Aliifanyia kazi dukani, kwenye meza ileile. Haikutoka pale. Kazi ziliongezeka, hata wenye kampuni za Geita wakawa wanaleta zao, na watu waliotaka kununua kompyuta walikuja kwanza kumwomba ushauri, wakijua hakuna mjini anayezielewa kama yeye. Aliwajibu kwa maneno machache. Pengine mtu alijiuliza mbona mtaalamu mzima anasema "inatosha hiyo" kabla hata hajaulizwa swali la pili.

Swaumu hakurudi baada ya matanga. Mshahara wake wa mwisho alituma mtu akauchukua. Walikutana Machi, sokoni, mbele ya wauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Swaumu alikuwa amepata kazi nyingine, kwa bibi mmoja mwenye kisukari. Alikwisha kugeuka aende zake, Savita akamshika kanga.

"Swaumu, nataka kukuuliza kitu. Siku ile. Kabla sijafika. Aliniita?"

Swaumu angeweza kumdanganya, na pengine kwa mtu mwingine angemdanganya. Alihamishia kikapu chake mkono wa pili.

"Siku ile hapana," alisema. "Tangu urudi Geita hakukuita tena, Mama Urvi. Alikuwa ameacha."

Savita aliiachia ile kanga. Muuza michembe aliuliza kama anapimiwa au hapimiwi, kwa sababu nyuma yake kuna watu, na Savita akasema apimiwe, akashika mfuko wazi kwa mikono miwili mpaka ukajaa.